Barua ya wazi kwa wakubwa wa elimu: jembe la shule mmeligeuza fimbo, tunaomba lirudi darasani

Waheshimiwa, shikamooni.

Naandika kwa Waziri wa Elimu, kwa Waziri wa TAMISEMI maana shule za msingi ziko chini yake, kwa Taasisi ya Elimu Tanzania mnaotunga mitaala na vitabu, na kopi iende kwa kila afisa elimu na afisa lishe wa halmashauri atakayeiona hii barua. Mi ni mama mboga tu, nina genge langu hapa Iringa mwaka wa 14 huu, ni mjumbe wa kamati ya shule kipindi cha pili sasa, na nina mtoto yuko darasa la tano ambaye ndio kanifanya nikae na simu usiku huu wakati kesho saa kumi alfajiri natakiwa niwe sokoni kupokea mzigo wa nyanya.

Ilikuwa mwezi wa tatu. Dogo karudi shule kachoka, matope mpaka magotini, kuanzia saa nane mchana walikuwa wanapalilia maharage kwenye shamba la shule. Anakula huku ananiambia, mama maharage ya shule yanaumwa, mizizi imeota vipele. Nikamuuliza mkafanyaje, akasema yenye vipele vingi tumeyang'oa tukayatupa kwenye mtaro yasiambukize mengine. Nikamwambia kesho niletee shina moja nilione, akaleta limefungwa kwenye karatasi, kweli mizizi imejaa vijipu vidogo kama punje za uwele. Sasa nikachukua daftari lake la sayansi niangalie kama kuna habari yoyote ya magonjwa ya mimea, nikakuta ukurasa kaandika kwa mwandiko mzuri kabisa kwamba mimea jamii ya mikunde ina vinundu kwenye mizizi, ndani ya vinundu kuna bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kurutubisha udongo. Mwalimu kaweka vema nyekundu kubwa. Kapata 9 kwa 10.

Nilikaa kimya jamani. Mtoto kaandika jibu sahihi wiki mbili nyuma, alafu kaenda shambani akalishika jibu lenyewe kwa mkono wake akalitupa mtaroni.

Bwana shamba wa kata yetu ni mteja wangu, alipopita jioni kuchukua mnafu nikamuonyesha lile shina. Akachukua wembe wangu wa kukatia kamba akapasua kinundu kimoja, ndani kuna rangi ya pinki inayoelekea wekundu, akamwambia dogo ukiona rangi hii ujue bakteria wako kazini, na hii rangi inatoka kwenye kitu ambacho ni ndugu na kile kinachoifanya damu yako iwe nyekundu, kina madini ya chuma humo ndani, kinundu kikiwa cheupe au cha kijani ujue hakifanyi kazi au kimeshazeeka. Basi. Hata dakika tano hazikufika. Mtoto macho yamemtoka, akauliza hewa inafikaje kule chini kwenye udongo, akauliza mbona mahindi hayana, alafu akauliza kwa hiyo bibi anavyochanganya mahindi na maharage shamba moja anaijua hii habari? Bibi yake hajawahi kulisikia neno naitrojeni ila anachanganya hivyo tangu mi sijazaliwa. Maswali matatu hapo hapo, na huyu ndio mtoto ambaye kwenye ripoti mwalimu wake kaandika "hashiriki darasani".

Waheshimiwa hilo shamba liko hatua 50 kutoka dirisha la darasa lao, nimezihesabu mwenyewe. Hatua 50 na hawajawahi kukutana. Darasani wanasoma mmea uliochorwa ubaoni, shambani wanalima bila kusoma chochote, na sisi tunasema shule ina shamba, tunajaza kwenye ripoti tunapeleka wilayani.

Najua kuna watu watasema hii habari ya mashamba ya shule ni ya zamani, Mwalimu Nyerere alishaisema kwenye Elimu ya Kujitegemea Machi 1967. Ndio, alisema, ila watu tumekumbuka jembe tu mengine yote tumesahau. Kwenye lile andiko anataka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba lao, anatoa mpaka mfano kwamba waamue wenyewe pesa waliyoipata wakodi trekta la kutayarisha shamba au waitumie kwa jambo lingine na kulima walime kwa nguvu zao. Yaani mwanafunzi aamue habari ya trekta! Sisi kilichotufikia ni jembe, kuamua kulibaki ofisini kwa mwalimu mkuu.

Mi nimesoma shule ya msingi miaka ya 90. Tulikuwa tunaenda na kidumu cha maji na mfagio, mnaikumbuka, na siku za shamba unabeba na jembe la nyumbani ambalo mpini umekuzidi urefu. Aliyechelewa namba analimishwa. Aliyepiga kelele analimishwa. Mi nilikosa saba mara nane nikapewa matuta mawili, na mpaka leo ukiniuliza saba mara nane kabla sijasema 56 mgongo unaniuma kwanza. Hakuna hata siku moja mtu alinifundisha tuta linatakiwa liwe na upana gani na kwa nini, au kwa nini kwenye mteremko tuta linakingama badala ya kufuata maji yanakoenda. Ulikuwa unalima mpaka jasho likutoke kwa sababu umekosea, kulima ndio ilikuwa mshahara wa kosa. Matokeo yake tunayaona mtaani, mtoto akifeli anaambiwa sasa utaenda kulima, kama vile anaambiwa utaenda jela, na hiyo kauli anaisema mzazi ambaye kilimo ndio kimemsomesha.

Na msidhani hayo yameisha. Kwa mwanangu sasa hivi adhabu bado ni ile ile. Tulilizungumza kwenye kikao cha kamati, tukajibiwa kwamba afadhali shamba kuliko viboko, na wazazi wenzangu wengine wakapiga makofi.

Ombi langu la kwanza ndio hilo basi, na halihitaji hata shilingi ya bajeti. Toeni waraka, mstari mmoja unatosha: ni marufuku kumpa mtoto kazi ya bustani au shamba kama adhabu. Marufuku kabisa, shule zote. Maana unaweza kuleta mbegu nzuri, ukaleta semina, ukaleta mabango ya lishe yenye rangi, kama asubuhi yule mtoto kaona mwenzake analimishwa kwa kuchelewa basi mchana ukimwambia njoo bustanini tujifunze hakuamini, anajiuliza kakosa nini.

Kuna Mganda mmoja, Edie Mukiibi, mtaalamu wa kilimo, ambaye mwaka 2022 alichaguliwa kuwa rais wa Slow Food, lile shirika la dunia nzima linalotetea vyakula vya asili. Yeye na wenzake walianza na bustani za shule pale Mukono mwaka 2006, na mojawapo ya vitu walivyokuwa wanapambana navyo ni hiki hiki, watoto kuona kilimo ni adhabu. Kwa hiyo sio ugonjwa wa Iringa peke yake, ukanda mzima unaumwa. Kenya nao mwaka 2021 walizifufua zile klabu za 4K mashuleni, Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Siwezi kusema huko kwao kila kitu kimenyooka, ila angalau wameanza tena.

Ombi la pili linahusu ukubwa. Acheni kutuambia heka. Shule ikiambiwa ina heka tatu hilo sio darasa tena ni kibarua, watoto wanamaliza wiki nzima wanapalilia na hawajaona kitu. Mi nazungumzia bustani, hatua kumi kwa kumi, karibu na madarasa, ambayo mwalimu akisema twendeni wanatoka mlangoni na madaftari mkononi, dakika mbili wamefika. Na iwe kwenye ratiba, kipindi kinachoandikwa ukutani kama Hisabati inavyoandikwa, asubuhi watoto wakiwa na akili mpya, sio saa nane jua kali na njaa.

Hebu niwaambie kinachopatikana kwenye hizo hatua kumi kwa kumi, maana naona kuna watu wanadhani nazungumzia mchicha tu.

Mbegu kwanza. Mi biashara hii imenifundisha asilimia kuliko shule. Mwaka fulani nilinunua pakiti ya mbegu za sukuma nipande nyuma ya nyumba, imeandikwa inaota vizuri, nimemwaga zote zimeota chache nikawa nalia na hela yangu. Bwana shamba akanifundisha, kabla hujapanda chukua mbegu 20 tu, zikunje kwenye kitambaa chenye unyevu, siku ya tano sita fungua uhesabu. Zikiota 13 hiyo ni asilimia 65, sasa unajua umwage mbegu kiasi gani au urudishe pakiti dukani ukagombane. Mtoto wa darasa la tano akifanya hivyo mara moja kwa mbegu aliyoishika mwenyewe asilimia haimtoki tena kichwani. Tuta la upana wa mita moja urefu mita tano, hilo ni eneo na mzingo hapo hapo, eneo mita za mraba 5, mzingo mita 12, na kamba ya katani ndio rula yenu. Mchicha unavunwa ndani ya wiki tatu nne hivi, kila baada ya siku tatu watoto wanapima urefu wa miche kumi, wanatafuta wastani, wanachora grafu, ile mistari ya grafu inapanda kwa sababu kuna kitu kinapanda kweli nje ya dirisha.

Alafu maji. Matuta mawili sawasawa, moja limefunikwa majani makavu jingine liko wazi, yote yanamwagiliwa ndoo moja asubuhi, saa saba mtoto anaingiza kidole kwenye udongo. Uvukizi ndio huo, hakuna haja ya kuukariri. Lundo la mboji nalo, majani na samadi na maganda ya jikoni, likishakaa siku kadhaa ukichomeka fimbo katikati ukaiacha kidogo ukaitoa unaisikia ya moto kiganjani, sasa hapo ndio mwalimu anaulizwa na watoto moto umetoka wapi na hakuna aliyewasha, na anawaeleza habari ya vijidudu visivyoonekana wanaokula na kupumua humo ndani.

Choya je? Hii nimeifanya mwenyewe na dogo jikoni. Chemsha maua ya choya upate ule wekundu wake, gawa kwenye vikombe vitatu, kimoja weka ndimu, kimoja weka maji ya majivu yaliyochujwa, kimoja acha. Cha ndimu kinazidi kuwa chekundu, cha majivu kinabadilika kinaelekea ukijani ukijani. Asidi na besi hiyo, kwa mmea ambao unaota uani. Shule zetu zinalia hazina maabara, ni kweli hazina na zijengewe, ila wakati zinasubiri maabara nyingine inaota nje na mbuzi wanaila.

Na wadudu, na sumu. Hapa naomba mnisikilize vizuri maana nipo sokoni naona. Kuna wakulima wanapiga dawa nyanya leo kesho zinavunwa, na hawafanyi kwa roho mbaya wengine, hawajui kwamba kwenye chupa pameandikwa siku za kusubiri kabla ya kuvuna, hawajui kwamba ule mkanda wa rangi chini ya lebo una maana, mwekundu ndio hatari zaidi, unashuka njano, bluu, mpaka kijani. Mtoto akifundishwa kusoma lebo shuleni ataenda kumsomea baba yake. Kwenye bustani ya shule yenyewe msiruhusu hizo dawa kabisa, watumie majivu, mwarobaini, kuokota funza kwa mkono, na waachwe wamwone mdudu anayemla mdudu mwenzake, siafu ni mwalimu mzuri wa mlolongo wa chakula kuliko ule mchoro wa simba na swala ambao watoto wengi hawajawahi kumwona simba wala swala.

Sasa nije kwenye chakula, maana ndio kinachoniuma zaidi.

Waheshimiwa takwimu mnazo nyie. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulisema udumavu kwa watoto chini ya miaka mitano Tanzania ni asilimia 30, Iringa asilimia 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Mikoa inayolisha nchi mahindi. Lori zinatoka huku usiku na mchana zimejaa chakula, Njombe parachichi zinapakiwa zinasafirishwa nje ya nchi, na zaidi ya nusu ya watoto wa Iringa wamedumaa. Mi siwezi kuielezea kwa wageni, nikisema wanadhani natania.

Na nisije nikawadanganya kwamba bustani ya shule itaondoa udumavu, haiwezi. Wataalamu wa lishe wanatuambia kila siku kliniki, udumavu unaingia kwenye siku 1000 za kwanza, tangu mimba mpaka mtoto afike miaka miwili, akifika darasa la kwanza gari limeshaondoka. Ila yule binti wa darasa la sita anayekaa kwenye dawati leo, miaka kumi ijayo anaweza kuwa na mtoto mgongoni, na kile anachokijua kuhusu uji, mboga na sahani ndio siku 1000 za mtu mwingine. Kwa hiyo tusimpime kwa kimo chake yeye.

Huku kwetu shida ya chakula wala haianzii kwenye shamba, ni heshima. Mboga za majani ni chakula cha aliyekosa. Mgeni akija ukampikia mnafu unaanza kwa kuomba radhi. Watoto shuleni wanacheka mwenzao akisema jana tumekula matembele, lakini mwenye shilingi 500 ya soda na kachori pale kwenye uzio wa shule ndio mfalme wa mapumziko. Ugali nao lazima uwe wa sembe, mweupe kama chaki, ule ambao kiini na pumba vimeondolewa na uzuri mwingi umeondoka navyo tukalishe nguruwe, alafu dona tunaita chakula cha wafungwa. Hii huiondoi kwa bango. Unaiondoa mtoto akipanda mnafu mwenyewe, akaumwagilia, akagombana na kuku wa jirani kwa ajili yake, siku ya kuupika atataka kuuonja tu, na atawalazimisha na wenzake waonje.

Na kuupika nako kufundishwe, msiishie kuvuna. Tunakata mchicha kwanza alafu tunauosha, tunauchemsha mpaka unakuwa mweusi alafu maji tunamwaga, vitamini C imeshaenda na maji na kilichobaki kimekufa kwa moto. Osha kabla ya kukata, moto kidogo, maji kidogo, basi. Chuma cha mboga za majani hakiingii mwilini kirahisi kama cha nyama, ukikamulia ndimu kinaingia vizuri zaidi, na ukishushia chai ya rangi hapo hapo unakizuia, sasa nani katika nchi hii hashushii chai? Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, na karoti, na maboga, na mchicha pia, vitamini A yake inahitaji mafuta kidogo ili mwili uichukue, kwa hiyo bibi zetu waliokuwa wanaweka karanga au tui kwenye mboga walikuwa sahihi kuliko sisi tunaochemsha na chumvi. Kisamvu kina sumu ya jamii ya sianidi kibichi, ndio maana kinatwangwa na kuchemshwa sana, na mtoto akijua hilo anaelewa kwamba mapishi ya nyumbani kwao yana sayansi ndani yake na waliyoyabuni ni watu wake. Hivi kuna somo la uzalendo zuri kuliko hilo?

Kitu kimoja muhimu ambacho wapanga miradi huwa wanakiruka. Mtoto hapiki yeye nyumbani. Kile kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga ambacho kina ofisi Tengeru Arusha kilishiriki majaribio ya bustani za shule nchi kadhaa, na walichokiona Nepal ni kwamba bustani ya shule peke yake ilipandisha ujuzi wa watoto lakini sahani hazikubadilika sana, zilianza kubadilika walipounganisha bustani ya shule na bustani za nyumbani, wazazi nao wakiwemo. Mi nilivyosikia hiyo sikushangaa. Mtoto arudi na miche mitano mkononi, na mama aitwe shule siku moja ya kupika pamoja, aje ale alichokilima mwanae. Sisi wazazi tunaitwa shule kwa mambo mawili tu, michango na mtoto akikosea. Tuiteni siku moja kula.

Mtaniuliza maji. Ndio, maji ni shida, huku mvua zinaanza Novemba huko zinaishia Aprili, kuanzia Juni ni vumbi na upepo. Lakini shule ina bati, na bati la madarasa mawili likiwekewa gata na simtanki mvua ikinyesha ni maji mengi sana hayo, na ile sehemu watoto wanaponawia mikono maji yanaingia mtaroni bure. Shule za mjini ambazo hazina hata pa kuchezea watumie viroba na madumu yaliyokatwa, mi nina viroba nane uani kwangu navuna spinachi mwaka mzima. Likizo ya Juni ndio inaua bustani nyingi, mnafungua Julai mnakuta majani makavu na alama za kwato, hapo kamati ya shule tupewe zamu, wazazi wa jirani wamwagilie wachume na wale, kuna ubaya gani. Uzio wa miiba tunaweza kuweka wenyewe.

Walimu sasa. Nawatetea walimu hapa, mwalimu ana watoto 80, 90 darasa moja, ana madaftari ya kusahihisha mpaka usiku, leo mnamwongezea bustani. Msimwongezee basi. Mpunguzieni kwa kumpa mada zile zile za sayansi na hesabu azifundishie nje, kwa makundi, kundi hili linapima kundi lile linachora, na vyuo vya ualimu vimfundishe hilo kabla hajaajiriwa, na bwana shamba wa kata awe na siku yake ya shule kwenye mpango kazi wake, pikipiki ya serikali anayo. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umejaa maneno umahiri na vitendo, sawa, sasa vitendo vinatakiwa pa kusimama.

Na mtihani. Nyie ndio mnajua, kisichotoka kwenye mtihani hakifundishwi, walimu wanapimwa kwa ufaulu na sisi wazazi tunawapima hivyo hivyo tusijifanye. Wekeni swali lenye picha ya mizizi ya maharage ina vinundu, muulize, mkulima kaona hivi shambani kwake, afanye nini? Mwanangu yule wa 9 kwa 10 angeandika ang'oe atupe. Swali moja la namna hiyo likitoka, mwaka unaofuata shule zote zitakuwa na tuta la maharage, bila semina na bila posho.

Bado mavuno, na hapa ndio panapoharibika. Kwenye shule ya mwanangu mwaka jana maharage ya watoto yalivunwa gunia kadhaa, watoto wakabeba kichwani mpaka stoo, baada ya hapo hakuna aliyeyaona. Tulipouliza kamati tukaambiwa yameuzwa kununua karatasi za mitihani. Inawezekana ni kweli, sibishi, lakini daftari la mauzo halikuonekana na watoto waliendelea kula makande ambayo maharage yake unayahesabu kwa vidole. Mtoto naye ana akili, anaona. Tunaomba kinacholimwa na watoto kiingie kwanza kwenye sufuria ya watoto, na hesabu iandikwe na watoto wenyewe ubaoni, kilo ngapi zimevunwa, ngapi zimepikwa, zimebaki ngapi, kila mzazi akipita asome. Hisabati ya vitendo hiyo pia, na itawasaidia hata wakubwa.

La mwisho, msilete uzinduzi. Nawaomba sana. Tunajua zikija fulana na maturubai na mgeni rasmi akapanda mche mmoja kwa picha, ule mche unakufa Jumatatu. Leteni waraka wa adhabu, leteni nafasi kwenye ratiba, leteni swali moja la mtihani, na gata za shule, hizo zinaweza kusubiri kidogo. Vingine tutachangishana.

Shule zikifunguliwa Januari mvua huku zinakuwa zimeshakolea na huo ndio wakati, ukipita unasubiri mwaka mzima. Mbegu za mnafu ninazo, nimezikausha mwenyewe nimezihifadhi kwenye chupa tatu za maji, dogo kazijaribu 20 zimeota 17. Kaniuliza ni asilimia ngapi kabla sijamuuliza mimi. Chupa mbili ni za shule yake, moja ni ya shule yoyote itakayokuja kuichukua, waulize mama mboga wa mnafu kona ya pili ukitokea kwenye mashine ya kusaga, nipo kila siku isipokuwa Jumapili asubuhi.

Wenu mtiifu,
Mama mboga, mjumbe wa kamati ya shule, Iringa